Ugwe wa Mgongo Baada ya Kiharusi

Mtu apatwapo na kiharusi, madhara hutokea kichwani, lakini wanaomuuguza huyaona mkononi na mguuni. Siku za mwanzo mkono hulegea. Ukinyanyuliwa na kuachwa, huanguka kama kitambaa kilicholowa. Baada ya majuma kadhaa mambo huweza kubadilika: kiwiko hujikunja, vidole hufumba, na kadiri mgonjwa ajitahidivyo kuunyanyua mkono ndivyo vidole vinavyozidi kufumba. Hapo ndipo maneno huanza nyumbani. Wapo wasemao kwamba mgonjwa ni mvivu wa mazoezi. Wapo wasemao kwamba ni upepo mbaya. Na wapo wasemao kwamba mkono umekwisha kufa, hauna faida ya kushughulikiwa. Kauli zote tatu si sahihi. Makusudio ya makala haya ni kueleza sababu, kwa kuutazama ugwe wa mgongo, ambao haukuguswa na kiharusi lakini kazi yake hubadilika baada ya kiharusi. Tutaeleza pia jinsi wanasayansi wanavyojaribu kuutazama ugwe huo ukiwa kazini, ndani ya mtu aliye hai, pasipo kumpasua.

Kwanza neno moja kuhusu istilahi. Watu wengi hutumia jina “uti wa mgongo” kwa vitu viwili: pingili za mifupa, na kamba laini ya neva iliyolala ndani ya mfereji wa pingili hizo. Katika makala haya “uti wa mgongo” ni mifupa, na ile kamba tutaiita “ugwe wa mgongo” au kwa kifupi “ugwe”. Mwalimu asiporuhusu majina haya mawili kuchanganywa darasani, nusu ya kazi itakuwa imekwisha fanyika.

Wala msomaji asidhani kwamba kiharusi ni maradhi ya nchi za baridi na ya matajiri. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 ulifanyika uchunguzi wa kuhesabu watu wote waliopatwa na kiharusi katika sehemu mbili za Tanzania, yaani wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2010. Kwa hesabu ya kawaida, katika kila watu 100,000 walipatikana wagonjwa wapya takriban 95 kwa mwaka huko Hai na takriban 108 Dar es Salaam, tofauti ndogo. Lakini wakazi wa Dar es Salaam ni vijana zaidi kuliko wa Hai, na kiharusi ni maradhi yanayozidi kwa umri. Tofauti hiyo ya umri iliposawazishwa, idadi ilikuwa takriban 109 kwa Hai na 316 kwa Dar es Salaam, yaani karibu mara tatu. (Mwalimu wa hisabati hatapata mfano mzuri zaidi wa kuonyesha kwamba wastani unaweza kuficha jambo kubwa.) Uchunguzi uliofuata, uliotangazwa mwaka 2013, ulitaja miongoni mwa mambo yanayoandamana na kiharusi: shinikizo kubwa la damu, uvutaji wa tumbaku, ambukizo la virusi vya UKIMWI, na maradhi ya moyo yaliyotangulia.

NJIA KUU IKIFUNGWA

Mwanafunzi wa Cheyo, mjini Tabora, ana mfano wa jambo hili karibu na mlango wake. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara iliyotoka pwani ilifika Tabora na hapo ikagawanyika: moja ikaenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikaenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mwaka 1871 vita vilizuka kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora, na njia iliyonyooka ya kwenda Ujiji ikafungwa. Njia ilifungwa, lakini Ujiji haikuhama, wala wapagazi wa Kinyamwezi hawakupungukiwa na nguvu za kubeba mizigo. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alikuwa amekwama Kwihara, kilometa chache kutoka mjini, mahali ambapo leo pana makumbusho. Mnamo Septemba 1871 aliondoka kwa kuzunguka upande wa kusini, akapita Ugunda na Mto Gombe, kisha akapinda kaskazini hadi Mto Malagarasi, na kabla ya mwaka kwisha akafika Ujiji. Alifika, lakini kwa njia ndefu, na kwa masharti ya njia hiyo.

Mwili nao una njia kuu na njia za kuzunguka. Amri ya kusogeza kidole huanzia katika gamba la ubongo, juu kabisa. Kutoka hapo nyuzi za neva hushuka hadi shina la ubongo, na chini ya shina hilo sehemu kubwa ya nyuzi, takriban 9 katika kila 10, huvuka upande wa pili. Ndiyo sababu kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo hudhoofisha mkono na mguu wa kulia. Baada ya kuvuka, nyuzi hushuka ndani ya ugwe na kuishia karibu na seli zinazotoa nyuzi zielekeazo kwenye misuli. Seli hizi tutaziita seli amrishi. Mtaalamu wa Kiingereza Charles Sherrington alikwisha eleza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba amri zote, zitoke zitokako, hapana budi zipite katika seli hizo ndipo msuli upate kusogea. Njia hii itokayo katika gamba tuiite njia ya gamba.

Iko njia nyingine, ya kale zaidi katika historia ya wanyama wenye uti wa mgongo. Huanzia ndani ya shina la ubongo, mahali ambapo seli zimetapakaa kama wavu, na kwa hiyo tutaiita njia ya wavu. Kazi yake ya kila siku ni kushikilia mwili usimame, kugeuza kichwa na mabega pamoja, na kumshtua mtu mwenye kusikia kishindo. Uzi mmoja wa njia hii hutoa matawi kwa misuli mingi, mara nyingi pande zote mbili za mwili. Njia ya gamba ni kama kirangozi anayemnong'oneza mpagazi mmoja sikioni; njia ya wavu ni kama ngoma inayopigwa kambini alfajiri, ambayo huwaamsha wote kwa pamoja.

Kiharusi kikikata njia ya gamba, nyuzi zilizo chini ya mahali palipokatika hufa polepole, kwa kuwa zimetengwa na seli zilizozizaa. Kanuni hiyo ilielezwa na Augustus Waller mwaka 1850 kwa kuchunguza neva za chura. Lakini seli amrishi zilizomo ndani ya ugwe hubaki hai. Mzunguko mzima wa neva wa ugwe hubaki, ila umekosa sauti uliyozoea kuisikia. Njia ya wavu, ambayo mara nyingi haikukatika, huendelea kuleta amri, na amri hizo sasa zina uzito kuliko zamani.

Mwaka 1968 Donald Lawrence na Henricus Kuypers walitangaza majaribio waliyoyafanya kwa nyani waliokatwa njia ya gamba pande zote mbili. Wanyama hao, baada ya muda, waliweza kutembea na kupanda, lakini hawakuweza tena kusogeza kidole kimoja kimoja. Mwaka 2012 kundi la Stuart Baker wa Newcastle, Uingereza, lilipima jambo hilo kwa undani zaidi. Walikuta kwamba baada ya njia ya gamba kuharibiwa, viungo vya njia ya wavu na seli zinazoamuru misuli ya kukunja viganja na vidole vilipata nguvu. Lakini viungo vyake na seli za misuli ya kukunjua havikuongezeka nguvu. Msomaji aitafakari sentensi hiyo. Mkono wa mgonjwa wetu umefumba, haufumbuki, na hapa pana sababu moja ya kimwili isiyohusika na uvivu wala upepo.

Hata hivyo mfano wa misafara una kikomo. Msafara huchagua njia, bali neva haichagui. Tena mzigo wa kitambaa ni ule ule upite njia ipitayo, lakini amri ipitayo njia ya wavu si amri ile ile iliyochelewa. Ni amri ya namna nyingine, ya misuli mingi kwa pamoja.

UKUBWA WA KITU TUNACHOTAKA KUKIONA

Ushahidi wa nyani hautoshi kueleza mambo ya binadamu, na mgonjwa hawezi kupasuliwa shingo ili kuridhisha udadisi wetu. Ndipo inapokuja haja ya picha. Lakini tujue kwanza ukubwa wa kitu chenyewe.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban gramu 1,400. Ugwe wote una urefu wa takriban sentimeta 45 na uzito wa gramu 35 tu. Kutoka kwake hutokea jozi 31 za neva. Neva za mkono hutoka sehemu ya chini ya shingo, ambapo ugwe hunenepa kidogo; hata hapo upana wake ni kama milimeta 13 na unene wake ni kama milimeta 8. Mwanafunzi achukue rula na kuchora duaradufu ya vipimo hivyo kwenye daftari. Ndani yake achore umbo la kipepeo: hiyo ndiyo sehemu ya kijivu yenye miili ya seli. Sehemu nyeupe inayokizunguka kipepeo ni nyuzi zinazopanda na kushuka. Mabawa mawili ya mbele ndimo zilimo seli amrishi, la kulia kwa misuli ya kulia, la kushoto kwa misuli ya kushoto. Kila bawa lina upana wa milimeta chache tu. Ndani ya eneo hilo dogo kuliko punje ya mahindi ndimo tunamotaka kujua: je, mgonjwa akaminyapo mkono wake dhaifu, ni bawa gani linalofanya kazi? La upande mmoja, au yote mawili? Katika kimo kimoja cha shingo, au vimo vingi?

DAMU NA SUMAKU

Picha za eksirei huonyesha mifupa. Hazionyeshi kazi ya neva. Mashine inayotumiwa hapa haina mionzi hiyo. Ni sumaku kubwa yenye umbo la pipa, na mgonjwa huingizwa ndani yake. Mashine nyingi za utafiti zina uga wa sumaku wa tesla 3, yaani makumi elfu ya mara kuliko uga wa dunia unaogeuza dira yetu.

Mwili wa binadamu una maji mengi, na kila molekuli ya maji ina atomi mbili za haidrojeni. Kiini cha atomi ya haidrojeni ni protoni, nayo hutenda kama sumaku ndogo sana. Ndani ya uga mkubwa protoni huyumba kwa mwendo maalum, mfano wa pia inayokaribia kuanguka. Mwendo huo hutegemea nguvu ya uga: kwa kila tesla moja protoni huyumba mara milioni 42.58 kwa sekunde. Kwa tesla 3 ni karibu mara milioni 128 kwa sekunde, juu kidogo ya masafa ya redio za FM ambayo huishia milioni 108. Mashine hutuma wimbi la redio la mwendo huo huo, protoni hulipokea, kisha zenyewe hutoa wimbi dhaifu ambalo antena hulinasa. Kompyuta hulifanya wimbi hilo kuwa picha.

Mpaka hapo tuna picha ya umbo tu. Picha ya kazi ilitokana na tabia moja ya damu. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell, huko Marekani, walionyesha kwamba himoglobini iliyobeba oksijeni haivutwi na sumaku, lakini iliyokwisha kuitoa oksijeni yake huvutwa kidogo. Kwa zaidi ya miaka 50 jambo hilo lilikaa vitabuni kama habari ya wakemia. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake waliona kwamba himoglobini isiyo na oksijeni huvuruga uga wa sumaku kuzunguka mishipa ya damu na kufifisha picha ya ubongo wa panya. Mwaka 1992 makundi kadhaa yalitumia njia hiyo kwa binadamu.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Seli za neva zifanyapo kazi huhitaji oksijeni, na mwili hupeleka damu mpya mahali hapo. Jambo la kushangaza ni kwamba damu hupelekwa kwa wingi kuliko mahitaji, hata oksijeni inayobaki mle huwa nyingi kuliko kabla ya kazi. Himoglobini isiyo na oksijeni hupungua, uga hutulia, na picha hung'aa. Kung'aa huko ni kwa asilimia chache tu, hakuonekani kwa macho, na hufikia kilele baada ya sekunde 5 au 6 hivi. Kwa hiyo mtafiti humwambia mtu akaminye mkono kwa nusu dakika, apumzike nusu dakika, akaminye tena, mara nyingi. Kisha kompyuta hutafuta vipande vya picha vinavyong'aa na kufifia kwa kufuatana na zamu hizo.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kujilaza ndani ya mashine ya namna hiyo alipokuwa masomoni ng'ambo, na anaweza kushuhudia kwamba kukaminya kitu kwa zamu si kazi. Kazi ni kutokumeza mate.

SHINGO SI KICHWA

Msomaji atauliza: ikiwa ubongo umepigwa picha za namna hii tangu 1992, ugwe umechelewa kwa nini? Haukuchelewa sana. Yoshizawa na wenzake walitangaza jaribio la kwanza la ugwe wa shingo mwaka 1996, na Patrick Stroman wa Kanada alifuata mwaka 1999 kwa sumaku ya tesla 3. Lakini kazi ilikwenda polepole kwa sababu shingo ina matatizo ambayo kichwa hakina.

Udogo tumekwisha kuutaja. Tatizo kubwa zaidi ni majirani wa ugwe. Mfupa, maji na hewa havipokei sumaku kwa kiasi kimoja. Mahali vinapokutana, uga huharibika na picha hujipinda, mfano wa sura ya mtu kwenye kijiko. Ndani ya shingo, pingili na gegedu hupokezana kila sentimeta chache, na chini yake kuna mapafu mawili yaliyojaa hewa. Kila mtu avutapo pumzi, uga wa shingoni hubadilika. Tena ugwe unaelea katika maji maangavu yanayosukumwa na kila pigo la moyo, nao wenyewe husogea kwa sehemu ya milimeta. Tunatafuta badiliko la asilimia chache katika kitu cha milimeta chache ambacho hakitulii! Mwanafunzi aliyewahi kujaribu kusoma kipimajoto akiwa juu ya lori linalokwenda Sikonge ataelewa.

Dawa ya matatizo haya si moja. Mapigo ya moyo na pumzi hurekodiwa wakati wote wa kupiga picha, kisha athari zake hukadiriwa na kuondolewa kwa hesabu. Uga husawazishwa upya kwa kila kipande cha shingo. Mwaka 2014 Robert Barry na wenzake wa Nashville, wakitumia sumaku ya tesla 7, walionyesha kwamba hata mtu akiwa amelala kimya, mabawa ya mbele ya kulia na kushoto hung'aa na kufifia kwa pamoja. Maana yake ni kwamba ugwe una mawasiliano yake wa ndani na haungoji amri kila mara. Mwaka 2017 kundi la Julien Cohen-Adad wa Montréal lilieleza programu ya kompyuta ya kuzichambua picha za ugwe, inayotolewa bure. Mwaka 2021 ziliwekwa hadharani picha za ugwe za watu zaidi ya 250 kutoka vituo vingi vya dunia. Hizo ni picha za umbo, si za kazi. Hata hivyo mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye kompyuta anaweza kujifunzia kazi hii hata kama hajapata kuikaribia mashine yenyewe.

YALIYOONEKANA KWA WAGONJWA

Mwaka 2019 Haleh Karbasforoushan, Cohen-Adad na Jules Dewald walitangaza uchunguzi wa shina la ubongo na ugwe wa watu waliopatwa na kiharusi. Walipima hali ya nyuzi nyeupe. Njia ya gamba iliyotoka upande ulioumia ilikuwa imedhoofika, kama Waller ambavyo angetarajia. Lakini njia ya wavu ya upande usioumia ilionekana kuwa imara zaidi kuliko kawaida, na uimara huo uliandamana na ukubwa wa ulemavu wa mkono: mgonjwa ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa zaidi na mkunjo wa pamoja ndiye aliyekuwa na njia ya wavu iliyoimarika zaidi.

Hapa yataka uangalifu. Kuandamana si kusababisha. Huenda njia ya wavu iliyoimarika ndiyo inayouleta mkunjo. Huenda mgonjwa aliyeumia sana ndiye anayelazimika kuitumia zaidi hata ikaimarika. Kisha uchunguzi huo ulipima hali ya barabara, haukuhesabu misafara inayopita. Ndiyo maana picha za kazi zinatakiwa. Ikiwa maelezo ya njia ya wavu ni kweli, basi mgonjwa akaminyapo mkono dhaifu tungetazamia kuona kung'aa kumesambaa katika vimo vingi vya ugwe na pengine katika mabawa yote mawili, ambapo kwa mtu mzima wa afya kungejikusanya zaidi upande wa mkono unaofanya kazi. Uchunguzi wa namna hii kwa wagonjwa wa kiharusi bado ni mchache na wa watu wachache. Ni kazi ya utafiti, si huduma ya hospitali, na msomaji akikutana na tangazo la mtu anayeuza “picha ya ugwe” kama tiba ya kiharusi, ajue kwamba anatapeliwa.

Jambo jingine husahauliwa hata na wataalamu: picha hizi hazionyeshi neva. Zinaonyesha damu, na damu ni shahidi wa pili. Mtu aliyepatwa na kiharusi mara nyingi ana mishipa ya damu iliyochoka kwa miaka ya shinikizo kubwa, hivyo damu yake huenda isiitikie kazi ya neva kama ya kijana wa miaka 20. Kumlinganisha mgonjwa wa miaka 65 na mwanafunzi wa chuo kikuu, ambao ndio hujitolea zaidi katika majaribio, ni kulinganisha vitu viwili tofauti kwa wakati mmoja. Mwandishi anaona kwamba hili ni kosa kubwa kuliko udogo wa ugwe, kwa sababu udogo unaonekana na hili halionekani.

MKONO JUU YA MEZA

Iko faida ambayo haingoji sumaku. Dewald na wenzake wa Chicago walipima kwa muda mrefu mkunjo huu wa pamoja, wakakuta kwamba hutegemea sana juhudi ya bega. Mgonjwa akilazimika kubeba uzito wa mkono wake mwenyewe hewani, kiwiko na vidole hukunjika. Uzito huo ukichukuliwa na kitu kingine, mkono huweza kunyooka mbali zaidi. Hili linapatana na habari ya njia ya wavu: amri ya kunyanyua bega huja pamoja na amri za kukunja viungo vingine, na bega likipumzishwa, amri zote hupungua kwa pamoja.

Kwa hiyo mtu anayemwuguza mzazi wake mtaani Cheyo anaweza kuuweka mkono dhaifu juu ya meza yenye kitambaa laini, ukateleza mbele na nyuma, badala ya kumwamuru mzee aunyanyue hewani na kumkemea unapofumba. Asiuvute mkono kwa nguvu, maana bega lililolegea huumia upesi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye wa kupanga kazi yenyewe kwa kila mgonjwa. Na kwa mtu ambaye uso wake umepinda ghafla, mkono umeishiwa nguvu, au maneno yamepotea, hospitali ni ya saa hiyo hiyo, si ya kesho. Hata hapo Tabora, Kitete kwanza.

Kuhusu mashine, Afrika Mashariki haikukaa bure. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, pamoja na wenzao wa ng'ambo, waliunganisha hapo hapo chuoni mashine ndogo ya kupiga picha kwa sumaku za kudumu, yenye uga wa takriban tesla 0.05. Kusudi lake kubwa lilikuwa watoto wenye maji kichwani. Mwanafunzi akokotoe: 42.58 mara 0.05 ni 2.13, yaani protoni huyumba mara milioni 2 na kidogo kwa sekunde, karibu na masafa ya kati ya redio ya nyumbani. Mashine nyingine ndogo za jamii hiyo zimekwisha kuonyesha huko Marekani kwamba zinaweza kuitambua damu iliyovuja ubongoni, jambo ambalo daktari wa kiharusi hutaka kulijua kabla ya kutoa dawa yoyote. Lakini haziwezi kutuonyesha kazi ya ugwe, kwa kuwa uvurugaji ule wa himoglobini hupungua kadiri uga unavyopungua, na kwa tesla 0.05 huwa mdogo mno.

Kwa sasa, basi, ugwe wa mgonjwa wa Tabora unaweza kuulizwa maswali kwa protrakta. Kwa idhini ya mgonjwa na chini ya uangalizi wa mtaalamu wa mazoezi, hupimwa pembe ya kiwiko mkono ukiwa umelala juu ya meza na mgonjwa akijaribu kuunyoosha. Kisha hupimwa tena mkono ukiwa hewani. Tofauti ya pembe hizo mbili, ikiandikwa kila juma kwa miezi 6 katika daftari lenye mistari, ni kipimo cha jinsi njia ile ya kuzunguka inavyotumika.